Jiwe Chini ya Lango la Pili

Jumatatu, 2 Machi

Dada yangu kaniletea daftari hili, kasema andika unachohisi, utapata nafuu. Sihisi kitu, kwa hiyo nitaandika kazi. Asubuhi nimepaka grisi lango la kwanza. Mchana nimefagia ngazi za bwawa. Jioni nimekula, sikumbuki nini. Mama mkwe naye alikula.

Jumanne, 3 Machi

Lango la tatu, grisi. Joto.

Alhamisi, 5 Machi

Mkaguzi kaja leo na pikipiki yake. Huja kila mwaka kabla ya mvua kubwa, anatembea juu ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, kama mtu aliyedondosha shilingi. Halafu anataka kila lango lifunguliwe lote na lifungwe lote, mbele ya macho yake.

Bwawa letu lina malango matatu. La kwanza na la tatu ni madogo, yanapeleka maji kwenye mifereji ya mashamba. La pili ndilo kubwa. Hilo linafunguka kwenye mkondo wa mto wa zamani, na kazi yake ni moja tu: mvua ikizidi, lifunguliwe, maji yaondoke yasije yakapanda juu ya tuta. Tuta lenyewe ni la udongo. Maji yakipita juu yake litamong'onyoka lote, na chini yake kuna nyumba, yetu ikiwemo.

"Hili la pili linavuja," akasema.

"Linavuja miaka yote."

"Ndiyo maana nasema mpira wa kuzibia maji ubadilishwe. Mwite fundi, mvua haina simile."

Nikasema sawa. Kabla hajawasha pikipiki akaniambia pole tena, kwamba marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kazi. Nikasema asante. Marehemu ndiye aliyekuwa msimamizi wa malango, mimi nilikuwa msaidizi wake. Homa ilimchukua ndani ya wiki. Tulipotoka makaburini wakanipa kazi yake, na funguo zake, na mabuti yake ambayo yananipwaya.

Jioni nilimwambia Mama habari ya mpira. Mama ni mama yake marehemu, tunakaa naye, yaani sasa nakaa naye mimi. Bustani yake iko kule kwenye mkondo wa zamani, na maji yanayovuja lango la pili ndiyo yanayoinywesha. Marehemu alimlimia pale mwaka ule magoti yake yalipokataa kubeba ndoo.

"Hata kidogo halitavuja?" akauliza.

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama."

"Na mchicha wangu utakunywa nini? Mate?"

"Nitakuchotea kisimani."

"Utachota wewe." Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu kaniachia maji, na wewe ndiye unakuja kuyafunga. Haya, mwenye malango."

Zamani aliniita mwanangu. Nilikusanya vyombo nikaviosha. Nilijua neno lile lilikusudiwa kuniuma, nikawa nalisubiri liume. Dodoki la kuoshea vyombo limechakaa, itabidi ninunue jingine.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemchotea Mama ndoo nne. Hakusema asante, wala mimi sikuingoja.

Jumanne, 10 Machi

Fundi kaja. Watu wote wanamwita Nati, kwa sababu mifuko yake haikosi nati, na akipita utadhani anatembea na watoto wa shule wenye njuga. Tumeteremsha zile mbao nene za kuzuia maji kwenye nafasi zake upande wa bwawani, tukaliinua lango la pili, na chini yake pakakauka. Kizingiti linapokaa lango kimeonekana, kimejaa tope na majani. Tumekisugua mpaka saruji ikang'aa.

Mama akaja na chai na mkate. Alishuka ile ngazi ya chuma mwenyewe, magoti na yote, anahema.

"Mama, utaanguka utuachie kesi," Nati akasema.

"Nikianguka nizikeni hapahapa. Angalau pana unyevu, ambao huko bustanini kwangu hautakuwepo."

Nati alicheka mpaka chai ikamwagika. Mama akageuza ndoo, akakaa, akaanza kumuuliza. Lango linakalia wapi? Mpira unagusa wapi? Kikiingia kitu katikati je? Nati akiulizwa habari za kazi hafungi mdomo, alimweleza kila kitu, mpaka na bei ya mpira.

Alhamisi, 12 Machi

Mpira mpya umefungwa. Nati akaenda bombani kunawa. Mama, aliyekuwa ametuletea chai tena, akabaki chini anakusanya vikombe. Alipopanda na kikapu chake mimi nikashika usukani.

Nieleze ilivyo. Lango linateremshwa na mhimili mrefu wa chuma wenye meno ya skurubu. Unazungusha usukani juu, mhimili unashuka, lango linashuka nalo. Kwenye mhimili kuna alama ya rangi nyekundu. Lango likikaa sawasawa kizingitini, alama inakuwa imegusa bati lenye tundu mhimili unapopita. Leo usukani umekuwa mzito kabla ya alama kufika. Ilibaki kama vidole vitatu.

Sheria ya kazi naijua, marehemu alinifundisha mwenyewe. Likigoma, usilazimishe. Linyanyue, shuka, angalia. Sikunyanyua. Si kwamba nilikuwa nimechoka. Niliuegemea ule usukani kwa mwili mzima, chuma kikalia, ukazunguka kidogo, ukakataa kabisa.

"Limekaa?" Nati akaniita toka bombani.

"Limekaa."

"Alama?"

"Sawa."

Tukatoa mbao. Nilipochungulia upande wa chini, maji yalikuwa yanaruka kwenye pembe ya kushoto, membamba, kwa nguvu. Kuna kitu pale, jiwe bila shaka. Na aliyekuwa chini peke yake ni mmoja, na vikombe vyake. Nililijua hilo palepale. Nikafunga kibanda cha usukani nikaenda nyumbani.

Jumapili, 15 Machi

Lango linavuma. Maji yakipita kwenye upenyo mwembamba yanalitikisa bamba la chuma, nalo linatoa sauti nzito isiyokatika. Mpaka jikoni inasikika. Kikombe kikiwa mezani peke yake unakiona kinatetemeka.

Mama kaimba leo bustanini. Sijamsikia akiimba tangu msiba.

Jumatano, 18 Machi

Linavuma.

Alhamisi, 19 Machi

Linavuma. Wingu moja lilikuja, likatuangalia, likapita.

Jumapili, 22 Machi

Dada yangu kaja kutusalimia. "Unaandika?" Nikamwambia naandika. "Unalia?" Nikamwambia malango yalikuwa na kutu lakini nimeshayasugua. Akamtazama Mama, Mama akatazama sahani yake.

Tukiwa tunakula akauliza, "Jamani, hiyo sauti ni ya nini?"

Nilikuwa na chakula mdomoni. Mama akaniwahi. "Ni bwawa hilo, mwanangu. Linakoroma." Kisha akanigeukia mimi, akaniangalia usoni, kijiko kimesimama hewani.

Nikamwomba anisogezee chumvi. Akanisogezea.

Jumatano, 25 Machi

Nati za kibanda cha lango la pili zimelegea kwa mtikiso. Nimezikaza zote. Halafu nikafunga uzi na jiwe dogo, nikauning'iniza kando ya mhimili kuona kama umenyooka. Haujanyooka. Umetoka tumbo hapo katikati. Niliukunja mimi siku ile nilipoegemea usukani. Mhimili uliopinda hauwezi kupanda, utakwama kwenye bati, na lango la pili lisipopanda siku ya mafuriko, basi tena.

Nikatoa simu nimpigie Nati. Nimeishika, jina lake liko mbele ya macho yangu, kidole kiko juu ya jina. Nilikaa hivyo mpaka kioo kikazimika chenyewe. Nikairudisha mfukoni nikafagia ngazi, ambazo zilikuwa safi.

Ninaandika hili nikijua lilivyo. Ni kama kusoma habari ya mtu mwingine gazetini.

Jumamosi, 28 Machi

Mama kanifuata bwawani na nyanya mbili kwenye kanga. Kupanda tuta kulimchukua muda, nilimwona tangu chini.

"Mwenye malango! Hodi."

"Karibu, Mama."

Akanipa nyanya. Akakaa kwenye ukingo, akawa anasikiliza lile lango linavyovuma chini yetu. "Siku hizi huniulizi kitu," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Hata mbona nyanya zimeiva mapema."

"Mbona nyanya zimeiva mapema?"

"Maji yapo," akasema. Akangoja. Nikala nyanya. Akangoja tena, anapekua pekua pindo la kanga, halafu akainuka, akashuka polepole, amejishika kiuno. Nyanya ilikuwa nzuri, nadhani.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua haijakata tangu Jumatano. Maji ya bwawa yamekuwa ya rangi ya udongo na yanapanda. Nimefungua lango la kwanza na la tatu mpaka mwisho. Nimeujaribu usukani wa la pili. Umezunguka kidogo, mhimili ukapanda kidogo, lile tumbo likafika kwenye bati, likakwama. Nilivuta mpaka nikaning'inia. Wapi.

Nikampigia Nati. Barabara imekatika darajani, anasema atakuja kwa miguu hata ikibidi, lakini vyombo vyake vizito. Nikampigia mkaguzi.

"Lango la pili umelijaribu?"

"Limegoma."

"Limegoma tangu lini?"

"Tangu nilipolifunga."

Nilisikia mvua ya kwao kwenye simu. Akasema tu, "Watoe watu wa bondeni."

Jumapili, 5 Aprili

Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wahame. Wengine wamekwenda shuleni kule mlimani. Wengine wananiuliza, lango si lilitengenezwa juzi tu? Nawajibu ndiyo, lilitengenezwa. Mama kakataa kuondoka. "Unakwenda wewe?" Mimi sina pa kwenda, mimi niko kazini. "Basi na mimi nina kazi yangu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu, 6 Aprili

Mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa, mwandiko utakuwa mbovu. Niandike leo leo.

Asubuhi nimekuta maji yamebakiza kama urefu wa mkono, kiwiko mpaka vidole, kufika juu ya tuta. Upande wa nyumba tuta lilikuwa limeanza kutoa jasho, linachuruzika matone madogo kwenye majani. Nati akafika na vijana wawili wamebeba winchi na mnyororo begani, matope mpaka mapajani. Mkaguzi alikuwa nyuma yao, viatu mkononi. Hakuna aliyesalimia.

Nati akautazama mhimili. "Nani kaukunja hivi?"

"Mimi. Niliulazimisha."

"Na alama? Si uliniambia alama sawa?"

"Nilikudanganya."

Mkaguzi akasema hayo tutayaongea, habari ya kazi yako tutaiongea, sasa tufanye nini? Nati akasema mhimili ukatwe. Ukikatwa, lango lenyewe lifungwe mnyororo kwenye masikio yake mawili, livutwe kwa winchi kutoka kwenye boriti ya juu. Umeme haukuwepo, kwa hiyo tukaukata kwa msumeno wa mkono, kwa zamu. Chuma kinene kile. Nati akichoka ninapokea mimi, nikichoka anapokea mkaguzi, ambaye sikudhani anaweza. Malengelenge yalitoka yakapasuka. Niliona damu kwenye mpini nikajua ni yangu.

Ulipokatika, mtu akatakiwa kushuka kufunga mnyororo. Ile nafasi ni nyembamba, mkono wa Nati haupiti. Nikashuka mimi. Maji yalikuwa yananirukia usoni, na lile bamba lilikuwa linatetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Ndoano ya kwanza ikaingia. Ya pili ilinikatalia mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Juu wanapiga kelele nipande, nipande. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba lile sikio la lango linahitaji rangi. Sikuogopa hata kidogo. Nikilikumbuka sasa, mwili unanisisimka.

Nikapanda. Nati na vijana wakaanza kuvuta winchi. Mnyororo ukakaza, boriti ikalia. Lango halikujibu. Wakavuta tena. Nati akalitukana matusi ambayo sitayaandika. Likatoa mlio mmoja mkubwa, likapanda kiganja, likapanda mkono, halafu maji yakatoka kwa kishindo, tuta likatetemeka chini ya miguu yetu. Tukavuta, tukavuta, mpaka lango lote likawa juu.

Bustani ya Mama haikuchukua muda. Ua wa miti ulikwenda kwanza, kisha vijiti vya nyanya, kisha udongo wenyewe. Palipokuwa na mchicha pakawa na mto.

Tukakaa kuangalia ukingo wa maji kwenye tuta. Muda mrefu haukushuka. Halafu mkaguzi akaonyesha kwa kidole, mstari wa tope mbichi umetokea juu ya maji, mwembamba kama ufito. Ukawa mpana. Nati akakaa chini palepale kwenye maji ya mvua, akatoa sigara iliyolowa, akaiangalia, akaitupa.

Mkaguzi akaniuliza, "Lakini mhimili haukunjiki hivihivi. Chini kulikuwa na nini?"

"Jiwe," akajibu mtu nyuma yetu.

Ni Mama. Sijui alipanda saa ngapi. Kanga imemganda mwilini, anahema. "Kulikuwa na jiwe. Niliweka mimi, siku ya vikombe. Huyu mwachieni."

Sijui ilitoka wapi. Nilimgeukia nikapiga kelele, mbele ya mkaguzi, mbele ya Nati, mbele ya majirani waliokuwa wamekusanyika. Nilimwambia wewe mama una akili kweli? Nyumba zote zile, watoto wote wale, kwa ajili ya mchicha? Nilimwambia ningekuzika na wewe, na hao wote, ningewazika peke yangu? Nikamwambia umeweka jiwe upate maji yake, maji gani, kafa, mwanao kafa, mume wangu kafa, hata ukiliacha bwawa zima livuje harudi! Neno lile sijawahi kulitamka. Watu huwa wanasema ametutoka, ametangulia, na mimi nilikuwa nasema marehemu, kama vile ni cheo. Nilisema kafa mpaka sauti ikakauka.

Mama hakunikatiza. Alisimama tu, mvua inamchuruzika kidevuni, ananitazama mdomo kama mtu anayesikiliza habari aliyoingoja siku nyingi. Nilipomaliza akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya jikoni:

"Lile jiwe ulilijua siku ileile. Mbona ulinyamaza?"

Niliangalia mabuti ya mume wangu miguuni mwangu.

"Usiku wa kwanza sikulala. Nikasema kesho atakuja anigombeze, nitalia, nitaomba radhi, fundi aitwe alitoe. Hukuja. Nikakuletea nyanya, ukala. Nikakaa kila siku nangoja. Nikikwambia jambo, sawa. Nikikuudhi, sawa. Nikikuita majina, sawa." Akajifuta kidevu kwa pindo la kanga. "Mwanangu, mimi nilidhani siku ile nimezika wawili."

Nilikaa kwenye tope nikamlilia mume wangu kwa sauti, hivyo wanavyolia watu, na Mama akajishusha pembeni yangu, magoti yake yanalia, akanishika kichwa. Nati alikwenda kukusanya vyombo vyake ambavyo havikuhitaji kukusanywa. Mkaguzi alituambia tutashikwa na homa, lakini hakuna aliyeinuka.